Tangazo Lifike Unyambwa Siku Lilipotolewa: Manufaa ya Mfumo wa Kusimamia Maudhui ya Tovuti

Na Mwandishi Wetu, Singida

Halmashauri inapotangaza kuwa maombi ya mikopo ya vikundi yamefunguliwa na yatapokelewa kwa muda wa wiki mbili, siku huanza kuhesabiwa kwa wananchi wote kwa pamoja. Habari, hata hivyo, haiwafikii wote kwa pamoja. Mkazi wa Ipembe au Majengo, katikati ya mji wa Singida, huweza kulisoma tangazo ubaoni siku hiyohiyo akiwa katika shughuli zake. Mkazi wa Unyambwa, mojawapo ya kata 18 za Manispaa ya Singida, hulisubiri lipite kwa Afisa Mtendaji wa Kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwenye mkutano au kwa jirani aliyetoka mjini. Siku tano zikipotelea njiani, kikundi cha wanawake wa Unyambwa hubakiwa na siku tisa za kukaa kikao, kuandika muhtasari, kukusanya nyaraka na kupitisha maombi yao kwenye ngazi zinazohusika. Kikundi cha mjini kilikuwa nazo zote 14.

Jambo linaloshindaniwa hapa si dogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupanga upya utaratibu wake, na mwaka 2024 ikaurejesha. Mwananchi aliyefungua ukurasa ulioandikwa kabla ya usitishaji, pasipo kuona tarehe wala maelezo ya mabadiliko, angeweza kujiandaa kwa masharti ambayo hayatumiki tena. Tovuti ya umma, kwa hiyo, inadaiwa mambo mawili kwa wakati mmoja: iseme kilichopo leo, na iseme kimeanza lini.

Chombo kinachoiwezesha ofisi ya umma kulipa deni hilo kila siku, bila kumsubiri mtaalamu wa kompyuta, ni mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti.

Mfumo huu ni nini

Ukurasa wa kwanza wa wavuti duniani uliwekwa mtandaoni mwaka 1991 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN nchini Uswisi. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kutengeneza tovuti kulimaanisha kuandika kila ukurasa kwa mkono katika lugha ya alama iitwayo HTML, kuuhifadhi kama faili na kulipakia faili hilo kwenye seva. Maneno ya tangazo, rangi ya kichwa cha ukurasa, mahali pa nembo na orodha ya menyu, vyote vilikaa katika faili moja. Tovuti yenye kurasa 80 ilikuwa na mafaili 80. Akihamishwa Mkurugenzi, jina lake lilipaswa kusakwa na kubadilishwa kila mahali lilipotajwa, na mara nyingi palikuwa na ukurasa mmoja uliosahauliwa ukaendelea kumtaja kiongozi aliyekwisha kuondoka.

Mfumo wa kusimamia maudhui ulikuja kuvitenganisha vitu hivyo. Maneno, picha na nyaraka huhifadhiwa peke yake katika kanzidata. Mwonekano wa ukurasa hukaa katika violezo vilivyotengenezwa mara moja. Msomaji anapofungua ukurasa, programu huyachukua maneno kutoka kwenye kanzidata, huyapanga ndani ya kiolezo na kuyatuma kwenye simu au kompyuta yake. Kwa upande wa nyuma, mwandishi huingia kwa jina na nywila yake, akakuta nafasi ya kuandika kichwa cha habari, nafasi ya maelezo, kitufe cha kuambatisha hati na kitufe cha kuchapisha. Mtumishi anayeweza kuandika na kutuma barua pepe hahitaji muda mrefu kuimudu kazi hiyo.

Kwa anayezifahamu ofisi zetu, mfano ulio karibu zaidi ni masijala. Barua inayoingia haitupwi mezani. Hupewa jalada, namba ya folio na tarehe ya kupokelewa, kisha huzunguka na dokezo linaloonesha nani ameisoma, nani ameshauri na nani ameidhinisha. Mfumo wa kusimamia maudhui huifanyia tovuti kazi hiyohiyo: kila habari ina mahali pake, mwandishi wake, tarehe yake na kumbukumbu ya kila mabadiliko.

Ipo mifumo mingi, lakini mitatu ndiyo inayotajwa zaidi. Drupal, kazi ya Mbelgiji Dries Buytaert, ilitolewa kwa umma mwaka 2001. WordPress ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani pamoja na Mike Little wa Uingereza, na leo inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Wa tatu ni Joomla, uliotoka mwaka 2005, na jina lake lina habari ya kumfurahisha Mswahili: waanzilishi wake walilichukua neno letu "jumla", wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza. Yote mitatu ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na hautozwi ada ya leseni. Hilo halimaanishi kuwa tovuti haina gharama. Seva hulipiwa, watumishi hufunzwa na matengenezo hayaishi. Ila fedha hiyo huenda kwenye kazi inayoonekana badala ya kununua haki ya kutumia programu.

Safari ya tovuti za Serikali

Serikali ilianzisha Wakala ya Serikali Mtandao mwaka 2012. Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 ikaibadilisha kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, yenye jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Miongoni mwa kazi zake ni mfumo wa pamoja wa kutengenezea na kuendeshea tovuti za Serikali, unaofahamika kwa kifupi chake GWF, pamoja na usimamizi wa majina ya kikoa yanayoishia na go.tz.

Hatua iliyozifikia halmashauri moja kwa moja ilikuja mwezi Machi 2017, mjini Dodoma, zilipozinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Wakala ya Serikali Mtandao na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Watu wa Marekani kupitia shirika lao la USAID. Maafisa habari na maafisa TEHAMA wa mikoa na halmashauri walipewa mafunzo ya kutengeneza na kuendesha tovuti hizo wenyewe. Neno "wenyewe" ndilo lenye uzito, kwa sababu kabla ya hapo taasisi nyingi zilikuwa na tovuti zilizotengenezwa na mtu wa nje, kila moja kwa umbo lake. Na mtu huyo akishaondoka, aliondoka na ufunguo.

Anayefungua leo tovuti za halmashauri mbili tofauti ataona zinavyofanana. Juu pana nembo ya Taifa na jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Menyu hutaja utawala, huduma, madiwani, miradi na machapisho, na kwenye ukurasa wa mwanzo pana safu ya matangazo na safu ya habari. Wapo wanaoona kufanana huko kunachosha macho. Kwa mwananchi, hata hivyo, kuna faida ambayo mapambo hayawezi kuileta: aliyejifunza kutafuta fomu katika tovuti ya Manispaa ya Singida hapati shida akihitaji fomu ya Iramba au Manyoni. Uingereza ilifikia uamuzi wa aina hiyo mwaka 2012 ilipozindua GOV.UK na kuanza kuzikusanya tovuti za wizara na idara zake chini ya mfumo mmoja na mwonekano mmoja.

Manufaa kwa ofisi na kwa mwananchi

Faida ya kwanza ni kuondoa mtu wa kati. Tangazo linapoidhinishwa saa nne asubuhi, afisa habari analiweka mtandaoni kabla ya saa tano. Hamwandikii mzabuni na hasubiri afisa TEHAMA arudi kutoka safari. Ikigundulika kuwa tarehe ya mwisho imekosewa, marekebisho huchukua dakika chache, na kila atakayeufungua ukurasa baada ya hapo atayakuta. Karatasi iliyobandikwa ubaoni haina uwezo huo; ikisharudufiwa na kusambazwa kwenye mitaa, kosa lake husambaa nayo.

Faida ya pili hutajwa mara chache ingawa pengine ndiyo kubwa kuliko zote: mgawanyo wa mamlaka. Mfumo huruhusu kila mtumishi apewe uwezo unaolingana na kazi yake. Afisa Maendeleo ya Jamii huandika rasimu ya tangazo la mikopo kwa kuwa yeye ndiye anayeyajua masharti. Afisa habari huisoma, huirekebisha lugha na kuihakiki. Mkuu wa Kitengo au Mkurugenzi huidhinisha. Msimamizi wa mfumo hushughulikia akaunti na usalama, lakini halazimiki kugusa neno hata moja. Kila hatua hubaki kwenye kumbukumbu, na toleo la awali huweza kurudishwa. Ikiulizwa miezi sita baadaye ni nani aliyebadilisha kiwango cha ada na lini, jibu lipo. Mwananchi hazioni kumbukumbu hizo, lakini ndizo zinazomlinda, maana taarifa ya umma isiyo na mwenyewe haina wa kuisemea inapopingwa.

Inayoshabihiana na hiyo ni faida inayohusu uhamisho. Watumishi wa umma huhama, na ni haki yao. Tovuti iliyojengwa kwa mikono ya mtu mmoja huhama naye kimyakimya: habari ya mwisho hubaki ya mwezi alioondoka. Penye mfumo, akaunti ya anayeondoka hufungwa, ya anayeingia hufunguliwa, na kazi huendelea kwenye violezo vilevile.

Kisha kuna suala la muda. Mifumo mingi humwezesha mwandishi kupanga tarehe ya tangazo kuonekana na, katika baadhi ya mifumo, tarehe ya kuondoka kwenye ukurasa wa mwanzo. Tangazo lililopitwa na wakati halipaswi kufutwa, maana ni sehemu ya kumbukumbu za ofisi. Linapaswa kuhamia kwenye hifadhi likiwa na tarehe yake. Zabuni iliyofungwa, usaili uliokwisha na ratiba ya chanjo ya mwaka jana visipoondolewa kwenye ukurasa wa mwanzo humfunza msomaji kutoiamini safu yote ya matangazo. Akishaacha kuiamini, hata tangazo la leo halitamfikia.

Tukirejea Unyambwa, kuna uwezo mmoja wa mfumo ambao halmashauri zingenufaika zaidi kwa kuutumia ipasavyo, nao ni lebo. Kata haina tovuti yake. Taarifa zake zinaishi ndani ya tovuti ya Manispaa, zikiwa zimetawanyika katika miradi, bajeti, orodha ya madiwani, matangazo na habari za ziara za viongozi. Mwandishi akiiwekea kila taarifa lebo ya kata inayohusika, mfumo wenyewe huzikusanya. Mkazi hubonyeza neno "Unyambwa" akapata kwa mkupuo mradi wa maji uliotengewa fedha, darasa linalojengwa, jina la diwani na tangazo la mkutano. Kazi ya kuweka lebo huchukua nusu dakika kwa kila taarifa. Bila lebo, mkazi huyo hulazimika kufungua hati ya bajeti yenye mamia ya kurasa ili kutafuta mstari mmoja unaoitaja kata yake, na walio wengi hawafiki ukurasa wa kumi.

Faida nyingine zinaweza kutajwa kwa ufupi. Violezo vya kisasa hujipanga vyenyewe kulingana na ukubwa wa kioo, jambo la lazima katika nchi ambayo wananchi walio wengi huingia mtandaoni kwa simu ya mkononi. Taarifa moja huweza kuwa na toleo la Kiswahili na la Kiingereza, ingawa kwa tangazo la halmashauri Kiswahili ndicho kinachopaswa kutangulia na kukamilika. Injini za utafutaji huzisoma kurasa zilizopangwa vizuri kwa urahisi, hivyo anayeandika swali lake kwenye simu hupelekwa kwenye chanzo rasmi badala ya uvumi. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma kioo kwa sauti, naye hunufaika, ilimradi picha zimewekewa maelezo na tangazo limeandikwa kama maandishi.

Sharti hilo la mwisho linahitaji mkazo. Desturi ya kuchapa tangazo, kulisaini, kulipiga muhuri, kulipiga picha kwa mashine na kuipakia picha hiyo kwenye tovuti inaua nusu ya manufaa ya mfumo. Picha ya karatasi haitafutiki kwa maneno, haisomwi na programu za wasioona, haipanuki vizuri kwenye simu na hula kifurushi cha data cha msomaji aliyenunua MB chache kwa siku. Hati yenye saini na muhuri ina nafasi yake kama kiambatisho kwa anayehitaji uthibitisho. Maneno ya tangazo, hasa nani anahusika, anatakiwa kuwa na nini, aende wapi na mwisho lini, yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe.

Hatari zinazoandamana na mfumo

Mfumo unaotumiwa na mamilioni ya tovuti ni lengo la mamilioni ya majaribio ya uhalifu. Tarehe 15 Oktoba 2014 watengenezaji wa Drupal walitangaza kasoro kubwa ya usalama pamoja na kiraka chake. Wiki mbili baadaye walitoa tahadhari isiyo ya kawaida: mwenye tovuti ambaye hakuweka kiraka hicho ndani ya saa 7 tangu kitolewe achukulie kuwa tovuti yake imekwisha kuingiliwa. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya WordPress. Kasoro iliyokwisha kurekebishwa katika toleo la tarehe 26 Januari ilitumiwa mwezi Februari kuharibu zaidi ya kurasa milioni 1 za tovuti ambazo wenyewe walikuwa hawajaweka toleo jipya. Katika matukio yote mawili dawa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuiweka kwa wakati.

Hapa ndipo mfumo wa pamoja unapoizidi tovuti ya kila ofisi kivyake. Halmashauri yenye afisa TEHAMA mmoja au wawili, ambao ndio hao hao wanaoshughulikia mashine za makusanyo ya mapato, mifumo ya fedha na kompyuta za vituo vya afya, haiwezi kuamka usiku kufuatilia viraka. Taasisi moja yenye wataalamu wa kazi hiyo inaweza, na inapofanya hivyo huzilinda tovuti zote zilizo chini ya mfumo wake. Ubaya wake nao usifichwe: kasoro ikiwa kwenye mfumo wa pamoja, iko kwa wote. Ndiyo sababu nakala rudufu zinazotunzwa mbali na seva kuu si anasa.

Hatari nyingine hutoka ofisini. Nywila moja inayotumiwa na watumishi watatu huiondolea kumbukumbu ya mabadiliko maana yake yote, kwa sababu mfumo utamtaja mtu mmoja kwa kazi ya watatu. Vilevile wepesi wa kuchapisha huleta wepesi wa kuchapisha kisichostahili. Orodha ya wanufaika wa mkopo inaweza kuwa taarifa ya umma. Namba zao za simu na za vitambulisho, au hali zao za ulemavu, ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022 inaiwajibisha ofisi inayokusanya taarifa za watu kuzitunza na kuzitumia kwa kusudi lililokusanyiwa. Kitufe cha kuchapisha hakiulizi swali hilo. Anayeidhinisha ndiye anayepaswa kuuliza.

Na mfumo hauandiki. Ukurasa wenye kichwa "Huduma zetu" usio na neno chini yake umetengenezwa kwa ustadi uleule wa ukurasa uliojaa. Tofauti iko kwa afisa aliyekwenda idara ya ardhi akauliza hatua za kupata hati, akaziandika kwa lugha ambayo mkulima wa alizeti ataielewa, kisha akarudi kuzihakiki utaratibu ulipobadilika.

Tovuti, ubao na mkutano

Si kila mkazi wa Unyambwa ana simu janja, na si kila mwenye nayo huwa na kifurushi siku tangazo linapotoka. Ingekuwa kosa basi kuiona tovuti kuwa mbadala wa ubao wa matangazo, redio au mkutano wa mtaa. Thamani yake katika mazingira hayo ni kuwa chanzo kimoja ambacho njia nyingine zote huchota. Afisa Mtendaji wa Kata hulifungua tangazo kwenye simu yake siku lilipotolewa, huliandika au hulichapa na kulibandika ofisini. Mwenyekiti wa mtaa huusambaza mwunganisho wake kwenye kundi la WhatsApp. Mwalimu huwasomea wazazi. Wote wanatumia maneno yaleyale na tarehe ileile. Zile siku tano zilizokuwa zikipotelea njiani zinaweza kupungua hadi moja, bila mtumishi kupanda pikipiki kwenda kuchukua karatasi mjini.

Chanzo kimoja kina faida pia dhidi ya matapeli. Matangazo ya uongo ya ajira na mikopo husambaa kwa haraka kwenye simu, yakiwa na nembo zilizonakiliwa na tovuti zenye majina yanayokaribia kufanana na ya Serikali, yakimtaka mwombaji atume "ada ya fomu" kwa njia ya simu. Mwisho wa anwani ndio kipimo cha kwanza. Kikoa cha go.tz hutolewa kwa taasisi za umma pekee. Tangazo linalodai kutoka halmashauri huku anwani yake ikiishia na kitu kingine lihakikiwe kwanza kwenye tovuti ya halmashauri au kwa mtendaji, kabla ya kutuma fedha au namba ya kitambulisho.

Wakazi wa Singida wana jambo moja la ziada la kuangalia. Mkoa una halmashauri saba, na mbili kati yake zina jina la Singida: Halmashauri ya Manispaa ya Singida, ambayo tovuti yake ni singidamc.go.tz, na Halmashauri ya Wilaya ya Singida, ambayo tovuti yake ni singidadc.go.tz. Tovuti ya mkoa ni singida.go.tz. Unyambwa iko chini ya Manispaa. Kikundi kinachofuata tangazo la mikopo au zabuni lililotolewa na Halmashauri ya Wilaya kitakuwa kimeandaa maombi kwa ofisi isiyokihusu.

Tovuti ikikosa taarifa inayotakiwa, mwananchi hana sababu ya kuishia hapo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Namba 6 ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma: maombi hupelekwa kwa ofisi yenye taarifa hiyo, yakieleza kwa uwazi taarifa inayohitajika ili afisa aweze kuitambua, na jibu linatakiwa kutolewa ndani ya siku 30. Kwa anayetaka tu kueleza kuwa tangazo halina tarehe, fomu haifunguki au ukurasa umepitwa na wakati, tovuti za halmashauri zina viungo vya mawasiliano na malalamiko. Ujumbe ukitaja ukurasa unaohusika na siku uliposomwa, afisa habari ataweza kuutafuta, kuona ni nani aliyeuchapisha na kuusahihisha siku hiyohiyo.